Siku Kumi na Tisa Bega Langu Likiwa Nyuma

Kanisani kwetu mtu aliyetendewa jambo na Mungu husimama mbele, akapewa kipaza sauti, akasema. Mama ameniandikisha Jumapili mbili, na Jumapili zote mbili nilijificha chooni mpaka sadaka ya pili ikapita. Siwezi. Wakinitazama watu zaidi ya watatu ulimi unakuwa mzito kama si wangu. Kwa hiyo nimeandika, na shangazi atanisomea. Shangazi, ukifika kwenye sehemu za aibu usiziruke. Nimeziandika makusudi.

Naitwa Elipendo, nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu. Nyumbani ni Iguguno. Mama anauza vitunguu kando ya barabara, na kuku akiwapata. Shule yangu iko upande wa Kinyangiri, ninakaa hosteli.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa daftari. Ninachoshindwa kusema mchana ninakiandika jioni. Mwalimu wa Kiswahili aliwahi kusoma insha yangu mbele ya darasa, nikajifunika uso kwa sweta mpaka kengele ikagonga. Kitu kingine nilichojulikana nacho ni adabu. Mama alinifundisha tangu mdogo: ukimsalimia mkubwa unakunja goti kidogo, mkono wa kulia unaulaza tumboni, macho chini. Nilivyokua ukawa ndio mkao wangu hata kama hakuna mkubwa mbele yangu. Nikisimama tu, mkono wa kulia uko tumboni. Watu walimwambia Mama, "Huyu umemlea." Nalieleza hili kwa sababu ndilo lililonificha.

Siku ugonjwa ulipoanza ilikuwa Jumatano, tumepanga mstari asubuhi. Nilisikia harufu ya mashudu yaliyoungua. Wanaotoka kwetu mnaijua harufu ya mashudu, msimu wa alizeti mashine zinakamua mafuta kutwa nzima. Lakini shuleni hakuna mashine karibu. Nikamgeukia Rehema, rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja.

"Unasikia harufu ya kitu kinaungua?"

"Labda soksi zako," akasema. Wasichana wa mstari wetu wakacheka.

Hicho ndicho kitu cha mwisho nilicho nacho cha asubuhi ile. Yaliyofuata niliambiwa. Ninaambiwa kana kwamba ni habari za mtu mwingine, na mpaka leo nikiyafikiria namwona msichana fulani pale chini, sijioni mimi.

Rehema aliniambia nilitoa sauti moja kama mbuzi anayekabwa, nikaanguka kama gogo. Mikono yote miwili ikajikunja kifuani, ikakaza, kisha mwili wote ukaanza kutetemeka. Macho yaligeuka yakabaki meupe. Muhula uliotangulia wasichana kadhaa wa hosteli walikuwa wameanguka mmoja baada ya mwingine, wakalia, wakaombewa, wakarudi darasani. Kwa hiyo nilipoanguka mimi hakuna aliyejiuliza. Wakapiga kelele "Mapepo! Mapepo yamerudi!" wakanikamata. Wawili miguu, mmoja kushoto, na Rehema akaning'ang'ania mkono wa kulia.

Nilipoanza kuona, niliona nyuso juu yangu na jua nyuma yake. Mtu mmoja mzima, sitamtaja, alikuwa ameniinamia.

"Wewe ni nani? Taja jina lako!"

Nikasema, "Elipendo."

"Mwongo! Elipendo tunamjua. Wewe ni nani?"

Nikasema tena Elipendo, na wakasema tena ninadanganya. Mara ya tatu sikujibu. Kinywa kilikuwa kimejaa damu, nilikuwa nimejing'ata ulimi ubavuni. Sketi ilikuwa imelowa, na haikuwa maji. Na mimi mwenyewe nilianza kuwaza: labda wanajua kitu. Labda Elipendo ameondoka kweli, na huyu anayejibu ni nani?

Maumivu ya bega yalikuja baadaye, kwenye chumba cha matroni, nilipotaka kuvaa sketi nyingine. Mkono wa kulia ulikuwa umelala tumboni. Nikauambia ushuke, haukushuka. Nikauambia utoke nje, ukagoma kama mlango uliofungwa kwa ndani. Matroni akaniambia, "Pumzika, umechoka." Zahanati walinipima malaria, hakuna, wakanipa vidonge vya maumivu. Kesho yake Mama alikuja, tukaenda hospitali.

Hapa kuna kosa langu, naomba mlisikie. Daktari aliyetupokea alikuwa mwanaume, na chumba kilikuwa na wagonjwa wengine wawili. Akasema, "Vua sweta tuone bega." Nikatazama chini. Akarudia. Sikuvua. Ndani nilikuwa na sidiria ya kuazima, imechanika mkanda.

Mama akacheka kidogo, akasema, "Ana aibu huyu, daktari. Tangu mdogo."

"Basi, binti wa adabu," akasema daktari, akanibonyeza juu ya sweta. "Hapa panauma? Na hapa?" Foleni nje ilikuwa ndefu, watoto wanalia. Akaandika eksirei. Nilipigwa picha moja, nikiwa nimesimama, ya kwa mbele. Daktari akaitazama, akasema, "Mfupa hauna shida, haujavunjika. Ni msuli umevutika. Mfungieni khanga, wiki mbili utakuwa sawa." Namkumbuka bila chuki. Aliona msichana aliyesimama na mkono tumboni, na wasichana wa kwetu ndivyo wanavyosimama. Angejuaje?

Nikafungiwa khanga shingoni, mkono ukaningʼinizwa palepale ulipokwama. Khanga ilimaliza kazi. Sasa hakuna mtu aliyeweza kuona kwamba mkono haukuwekwa pale, ulikuwa umeshikiliwa.

Shule walisema nibaki nyumbani kwanza, "mpaka atulie." Akina mama wa maombi walikuja nyumbani siku ya nne. Nawapenda, wameniona nikizaliwa, na wengine mnasikiliza hapa. Waliimba, wakaomba, wakaniwekea mikono. Mmoja akasema amefunuliwa, pepo amebaki mkononi, ndiyo maana haufunguki. Akanishika kiganja akakivuta kwenda nje ili ufunguke kwa imani. Nilipiga ukelele ambao sijawahi kupiga.

"Mnamsikia?" akasema. "Analia huyo, anatoka!"

Bibi, mama yake Mama, alikuwa kwenye kigoda chake anachambua mchicha. Bibi haongei sana Kiswahili, lakini akitaka kusikika anakitumia.

"Pepo hana mifupa," akasema. "Anayelia ni mjukuu wangu. Mwacheni mkono."

Wakaniacha. Lakini maneno yalibaki. Mkiwa watu wazima mnaweza kusema neno mkaenda zenu, mtoto analala nalo.

Bibi hakupenda maombi yale, ila na yeye alikuwa na njia yake. Akaagiza mzee wa kukanda mifupa kutoka Mtinko, anayesifika kwa kurudisha mabega ya vijana wanaoanguka na ng'ombe au pikipiki. Alinipaka samli, akanipapasa taratibu, sehemu ya mbele ya bega, kwapani, tena mbele. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama mizizi lakini havikuniumiza. Alipapasa muda mrefu.

"Bega likitoka huwa linatokeza hapa mbele," akamwambia Bibi. "Hapa mbele hakuna kitu. Pamebonyea hata."

"Sasa mkono unagoma kwa nini?"

"Hili silijui. Nikivuta kitu nisichokijua nitamharibu mtoto." Akafuta mikono, akakataa hata kuku aliyefungwa tayari miguu. Alikuwa karibu sana na jibu kuliko wote, nafikiri. Alisema pamebonyea. Hakuna aliyemuuliza, na nyuma je?

Siku zile nilikaa na mkono kama unavyokaa na mgeni usiyemjua. Nilikula kwa mkono wa kushoto, na Mama aligeuka pembeni asione. Kuoga alinimwagia maji kwa kikombe nikiwa nimejifunika khanga mabegani, sikutaka anione hata yeye. Kuchana nywele sikuweza. Kila nilipojisahau nikataka kushika kitu, kitu ndani ya bega kilisaga, kwa sauti ndogo, kama punje ya mchanga kwenye jino. Nilianza kufikiri mtu amenishikilia kwa ndani. Mchana nikiwa peke yangu nilikitazama kile kiganja kilichonitazama tumbo, nikasubiri kifanye kitu ambacho sijakiambia.

Daftari langu la siku zile lipo. Nimeandika kwa kushoto, herufi zimelala kama za chekechea. Siku ya tisa: "Nimemwambia toka. Hajibu." Siku ya kumi na mbili: "Labda waliosema mwongo walikuwa sahihi." Siku ya kumi na tatu nimeandika jina langu, Elipendo, mistari kumi na mbili, ukurasa mzima, kama mtu anayejaribu ufunguo. Sikumbuki nikiandika ukurasa ule.

Rehema alikuja Jumamosi moja, ameniletea madaftari ya kunakili. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni mwa jiko.

"Eli, watu wanasema mimi ndiye nilikuvunja. Siku ile. Nilikuvuta sana."

Nikatazama khanga iliyoshikilia mkono wangu.

"Ni kweli?"

"Sijui," nikasema. Lakini nilijua ninachofikiri, na nilifikiri ni kweli, na yeye akakisoma usoni. Akaweka madaftari juu ya gunia, akaondoka bila kumuaga Bibi. Hilo nalo ni kosa langu.

Kisha nikaanguka mara ya pili. Ilikuwa nyumbani, saa nne asubuhi, ninasuuza sahani kwa mkono mmoja. Harufu ya mashudu ikaja. Lakini Iguguno harufu ile ipo, mashine ilikuwa inanguruma ng'ambo ya barabara, sikujua kama ni harufu ya dunia au ni ile nyingine. Bado ninawaza hivyo, kila msimu wa alizeti. Nilipoamka nilikuwa nimelala ubavu kwenye mkeka, kichwa kwenye mapaja ya Mama. Hakukuwa na umati. Mama alikuwa peke yake ameniona mwanzo hadi mwisho, kwa mara ya kwanza.

Alikuwa analia polepole. Akamwambia Bibi, "Sijaona mtu mwingine pale. Nimemwona mwanangu anaumwa."

Hakungoja mtu amshauri. Alisimamisha gari la vitunguu lililokuwa linaelekea Singida mjini, tukakaa mbele na dereva. Njia nzima kila tuta niliuma meno. Ilikuwa siku ya kumi na tisa.

Kwenye chumba cha dharura cha hospitali ya mjini daktari wa zamu alikuwa dada mdogo, amevaa raba, ana usingizi machoni. Alisikiliza habari za kuanguka, akaandika, akanipa kidonge kwenye kikaratasi ninywe kwanza. Nikakipokea kwa kushoto.

"Elipendo!" Mama akashtuka. "Mkono wa kushoto? Kwa daktari? Pokea kwa mikono miwili, umefundishwa wapi hivyo!"

Mnajua kwetu. Kupokea kitu cha mkubwa kwa kushoto ni kama kumtukana. Nilisikia uso unawaka. Nikatoa mkono wa kulia kwenye khanga, nikausogeza mbele kwa maumivu mpaka ukakaa karibu na wa kushoto. Wa kushoto kiganja kilitazama juu. Wa kulia kilitazama chini. Nikajaribu kukigeuza. Jasho likanitoka. Kikabaki kinatazama chini, kama kuku aliyelala.

Yule daktari akaacha kuandika.

"Mama, subiri, usimgombeze. Elipendo, geuza kiganja juu."

"Hakigeuki."

"Tangu lini?"

"Tangu nianguke mara ya kwanza."

"Kuna mtu yeyote alikwambia ukigeuze?"

"Hapana."

Akanibana kiwiko ubavuni, akajaribu kuupeleka mkono nje, kidogo tu, kwa kidole kimoja. Ukagoma. Akasema, "Nitavuta pazia. Abaki dada muuguzi na mama tu. Halafu unavua sweta na khanga, nataka kuona mabega yote mawili kwa pamoja." Nikatazama chini. Akainama akanitafuta macho. "Nakuomba," akasema.

Nikavua. Alisimama nyuma yangu nikiwa nimekaa kwenye kiti, akanitazama kwa juu. Mama naye akasogea. Nikamsikia akisema, "Yesu wangu." Mbele bega la kulia lilikuwa bapa, ncha ya mfupa imetokeza kama kona ya kabati. Nyuma kulikuwa na uvimbe wa mviringo. Mama, ambaye kila kitu anakipima kwa vitunguu, alisema baadaye ni kama mtu amenifichia kitunguu chini ya ngozi.

"Nadhani ninajua," akasema daktari. "Lakini sijawahi kuiona kwa macho, nimeisoma tu. Ngoja nimwite mkubwa wangu."

Mkubwa wake alikuja, mzee mwenye mvi. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitika. Aliinua picha yetu ya kwanza dirishani.

"Picha ya namna hii imewadanganya wengi," akasema. "Mama, mtu akisimama mbele ya ukuta ukamtazama kwa mbele, utajua kama amegusa ukuta au yuko hatua moja mbali nao?"

"Siwezi kujua."

"Mpaka umtazame kwa ubavu. Mfupa umerudi nyuma moja kwa moja, kwa mbele unauona kama upo mahali pake. Ila ona kichwa chake, kimekuwa duara kama balbu. Hicho peke yake kingetufanya tuombe picha ya pili." Wakanipiga picha nyingine, ya kupitia kwapani, na dada muuguzi akanishikia mkono uliosogezwa kidogo tu. Mzee alipoirudisha hakuwa na haja ya kueleza. Hata mimi niliona. Kile kichwa cha mfupa kilikuwa nje ya kikombe chake, upande wa mgongoni, kimejibonyeza kwenye ukingo.

Akauliza nilivyoanguka. Mama akaanza, "Walisema ni mapepo," akanyamaza, akasema, "Alikakamaa, akatetemeka."

"Mabega mengi hutoka kwa mbele," akasema mzee. "Hili la nyuma ni nadra, na tukiliona tunauliza kwanza mambo mawili: degedege, au kupigwa na umeme. Misuli yote inakaza kwa pamoja, na inayouvuta mkono ndani ina nguvu kuliko inayoutoa nje. Inausukuma mfupa mpaka unatoka."

"Kwa hiyo si aliyenishika?" nikauliza. Lilikuwa swali langu la kwanza siku ile.

"Kumshika mtu anayetetemeka si vizuri. Lakini misuli yako ilitosha yenyewe."

Nililia. Mama alifikiri ni bega.

Kisha akauliza ni siku ya ngapi, Mama akahesabu kwa siku za gulio, akasema ya kumi na tisa. Mzee akamtazama yule dada. "Tunajaribu leo," akasema. "Zikipita wiki tatu mara nyingi haurudi kwa kuvuta. Leo ukigoma tutakupa rufaa Dodoma kwa upasuaji, na hata huko siwezi kukuahidi kwamba mkono huu utaandika kama zamani."

Niliuliza watafanyaje. Wakasema watanilaza kwa dawa. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote. Maumivu nilishayazoea. Niliogopa kupelekwa tena mahali pale ambapo sipo, pale dakika zinapopotea na wengine wanakusimulia. Yule dada aliponisukuma kwenye kitanda cha magurudumu nikamshika koti kwa kushoto.

"Nikiamka, mtaniuliza mimi ni nani?"

Hakucheka. "Nikiwa nimekutazama? Nitakuuliza ya nini? Ukiamka nitakwambia mimi ni nani, na bega liko wapi."

Dari ilikuwa na doa la maji lenye umbo la ndala. Kisha hapakuwa na kitu.

"Elipendo. Ni mimi, daktari wa dharura. Bega limerudi."

Nilisikia kiu. Mama aliniambia ilichukua muda, walivuta polepole, mzee alitoka jasho, mara ya kwanza likagoma, mara ya pili likaingia kwa sauti aliyoisikia mpaka kwenye benchi nje ya mlango. Walinipiga picha tena, mbili, ya mbele na ya kwapani. Bega lipo mahali pake.

Mkono hawakuufunga tumboni. Walisema kuukunja tumboni kungeweza kulitoa bega tena, wakaufunga kiwiko ubavuni na kiganja kimetoka mbele, kama mtu anayetaka kukupa mkono. Hebu fikirieni, mimi. Wiki nne nikitembea na mkono wa salamu. Siku ya kuruhusiwa, stendi ya mabasi, baba mmoja mwenye kofia alinisogelea akanishika kiganja kwa furaha. "Marahaba binti, marahaba! Wazima nyumbani?" Sikuwa nimemwamkia. Nikasema wazima. Mama alicheka mpaka akakaa kwenye furushi, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ile Jumatano.

Ugonjwa wenyewe ulionidondosha una jina. Kifafa. Shangazi, lisome kwa sauti. Si mapepo na hakiambukizi, hata kwa mate, hata kwa kula sahani moja. Kwa nini kimenianza sasa bado wanatafuta. Ninameza vidonge asubuhi na jioni. Vinanipa usingizi darasani, na Hisabati inanipita. Sijaanguka tangu nianze. Sisemi sitaanguka.

Mazoezi ya mkono yalikuwa mabaya. Unasimama mbele ya ukuta, vidole vinapanda kama buibui, Mama anaweka alama kwa mkaa mahali vilipofikia. Kuna wiki alama hazikupanda hata kidogo nikautupia ukuta kiatu. Sasa mkono unapanda mpaka juu ya kichwa. Kwenda nje unaishia kabla ya ule wa kushoto, daktari anasema huenda ukabaki hivyo. Lakini ninaandika. Haya yote nimeyaandika kwa kulia, kwa siku nne, nikipumzika.

Nilirudi shule. Siku ya kwanza nilimfuata Rehema bombani nikamwambia alivyosema mzee. Akasimama na ndoo imejaa inamwagika.

"Kwa hiyo sikukuvunja?"

"Hapana. Ni misuli yangu mwenyewe. Nisamehe nilivyonyamaza siku ile."

"Misuli yako?" Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ulivyo mwembamba hivyo? Kumbe una nguvu, na ndoo zote ninakubebea mimi." Akanisukumia ndoo, kisha akaichukua tena mwenyewe.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama, aliyetazama kwa macho yake. Namshukuru Bibi, na yule mzee wa Mtinko aliyesema silijui, maana angevuta angeniharibu. Namshukuru daktari wa raba, aliyesema nimeisoma tu lakini akamwita mkubwa wake. Wapo wanaoona aibu kumwita.

Ninyi mnaouguza watu: mtu akikakamaa au akipigwa na umeme, halafu mkono wake ukashindwa kugeuka nje na kiganja kikashindwa kutazama juu, msiridhike na picha moja. Ombeni ya pili, ya ubavu au ya kwapani. Mkiambiwa ni msuli, ulizeni tena kwa upole. Msihesabu wiki mkisubiri. Na wewe msichana mwenye aibu kama mimi, mwambie daktari avute pazia, mwambie unataka dada muuguzi awepo, halafu vua. Mimi aibu yangu ilinigharimu siku kumi na tisa, na nilibakiza mbili tu.

Mwisho nina ombi, kwenu hasa mnaonijua, kwa sababu huenda itakuwa mbele yenu. Huenda itakuwa hapahapa kanisani, katikati ya wimbo. Nikianguka tena, msinishike mikono wala miguu. Ondoeni viti, nilazeni ubavu, msiniwekee kitu mdomoni, na mmoja wenu atazame saa. Ikizidi dakika tano nipelekeni hospitali. Nikilowana nifunikeni khanga. Nitakapofumbua macho sitajua nilikuwa wapi, na nitawaogopa kidogo, mnivumilie. Kisha, kabla hamjaanza kumshukuru Mungu kwamba nimeamka, angalieni mabega yangu yote mawili, mbele na nyuma.